Mhusika afanane na watu halisi, au apendeze?

Swali: Habari zenu, waandishi wenzangu. Shujaa wa riwaya ninayoiandika ni mwalimu mwadilifu, na waliousoma mswada wanasema kwamba anapendeza lakini haaminiki. Je, nimpe kasoro, hata kama wasomaji wengine watamchukia?

Jibu la kwanza: Mpe, lakini kasoro hiyo iwe na chanzo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na ukali huo ndio unaotufanya tuelewe kwa nini Rosa, akishakuwa mbali na nyumbani, anashindwa kujitawala. Hatuyasifu matendo yake, ila tunamhurumia sana.

Jibu la pili: Naomba kutofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia. Shaaban Robert aliwaita wahusika wake Adili na Utubora, na bado tunawapenda, kwa kuwa hadithi zake zilikusudia kuonyesha maadili. Amua kwanza unaandika hadithi ya aina gani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Yangu ni ya maisha ya kawaida, kwa hiyo mwalimu atakuwa mwoga mbele ya mkuu wake, maana anadaiwa mkopo na ana wadogo zake wa kusomesha.