Mafundi wa mabango Tanga, nani kawaambia brashi ya herufi inasimamishwa kwenye kopo la thina?

Wakuu, leo sitafuti maneno laini.

Kuanzia Ngamiani mpaka Sahare, pita kwa fundi yeyote wa mabango utakuta kopo la maziwa lenye thina nusu, na humo brashi zimesimamia nywele zake tangu juzi. Uliza, unajibiwa kwa kujiamini kabisa: "Zinalainika, kaka." Zinalainika wapi? Nywele zimejikunja kwenye kitako cha kopo, zikizoea kupinda hazinyooki tena. Ile rangi iliyoyeyuka inapanda mpaka ndani ya bati linaloshika nywele, inagandia humo, inazitanua kuanzia kwenye shina. Ncha ikishafunguka umebaki na ufagio. Kuta utapaka, ila herufi S usahau.

Na hao hao ndio wanaokuja kuniazima! Brashi zangu sasa ni waja leo waondoka leo, tofauti yake zikirudi zimeshakufa.

Tuelewane. Rangi ya mafuta haikauki kwa thina kuruka tu. Thina ikisharuka, rangi inavuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu, na ikifika hapo uloweke mpaka Idi haitarudi kuwa mbichi. Kwa hiyo brashi inasafishwa pale pale unapomaliza herufi ya mwisho. Si baada ya chai, wala baada ya kwenda kumdai mwenye boti hela yako.

Futa rangi kwenye gazeti. Ingiza brashi kwenye mafuta ya taa, ikandamize kwa vidole kule kwenye shina, maana uchafu unajificha huko, siyo nchani. Badilisha kopo. Rudia mpaka mafuta yatoke hayana rangi. Thina kali mimi siiwekei brashi ya nywele za kindi, inazikausha zinakatika. Petroli msinitajie kabisa, na sigara zenu hizo mdomoni. Mafuta ya taa machafu usimwage mchangani pale wavuvi wanaposhushia samaki, kama nilivyoona kwa macho yangu. Yaache yatulie kwenye chupa, rangi itashuka chini, yale meupe ya juu unayatumia tena. Ni hela yako hiyo.

Halafu brashi inapakwa mafuta, na hapa ndipo mnaponiua. Kuna bwana mmoja alipaka mafuta ya kupikia ya alizeti, akaiweka kabatini, akaja kulalamika inanata. Lazima inate! Alizeti ikikaa hewani inaanza kukauka yenyewe. Mafuta ya kitani ndiyo mabaya zaidi, hayo yenyewe ndiyo yanayotengenezea rangi. Unataka mafuta yasiyokauka: oili ya injini, mpya, siyo ile chafu mnayopewa bure gereji yenye masizi na chembe za chuma. Au mafuta ya nazi, ambayo Tanga hatuwezi kusema tumeyakosa. Kipupwe kikishuka chini ya nyuzi 24 yataganda meupe, usishtuke, yapashe kidogo mkononi. Ukishapaka, zibane nywele kwa vidole mpaka zilale bapa zenye ncha kali, kisha ilaze brashi kwenye sinia, nywele zisiguse ukingo, na ufunike, kwa sababu viwavi wa nondo wanakula nywele hizo.

Kesho yake usichovye tu kwenye rangi. Toa mafuta kwanza kwa thina safi, ile isiyo kali, na ukaushe kwa kitambaa, la sivyo herufi itakaa mbichi siku nzima na vumbi la bodaboda lote litalala juu yake. Jina la boti likichuruzika, mteja hatalaumu mafuta, atakulaumu wewe.

Rangi ya maji iwe na brashi zake za nailoni, maji baridi na sabuni ya mche, basi. Mkichanganya hizo mbili sina la kusema.

Kuanzia leo siazimishi. Mwenye shida aje na bango lake nimwandikie, tukubaliane bei. Na yule mwenye ile bapa yangu ya mpini mwekundu, anajijua: nina namba ya usajili ya kuandika kwenye mashua Sahare, mwenye chombo ananipigia simu kutwa. Ilete hata kama umeshaiharibu, niione mwenyewe.