Naomba ushauri: Biblia ya Kiingereza ya 1611 na ya Kiswahili zinapingana, niamini ipi?

Mwanafunzi wa Neno: Ndugu zangu, salaam. Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia tunasoma tafsiri ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, sambamba na ya Kiswahili, na tumekwama katika 1 Wathesalonike 4:15. Kiingereza kimetumia neno "prevent", ambalo sote tulifundishwa shuleni kuwa ni kuzuia, ilhali Kiswahili kinasema "hatutawatangulia". Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Kiswahili kimekosea. Nimjibuje?

Msoma Kamusi: Ndugu, Kiswahili kimepatia. "Prevent" limetokana na Kilatini "praevenire", yaani kuja kabla, na mwaka 1611 lilikuwa bado na maana hiyo ya kutangulia. Anayekutangulia huweza kukuzibia njia, na kwa mlango huo maana ya kuzuia iliingia, ikakua hadi ikaifukuza ile ya kwanza. Kamusi ya kawaida haitawasaidia hapa. Tafuteni kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928, kwa kuwa huzipanga maana za neno kwa kufuata historia yake na kuweka chini ya kila maana mifano yenye tarehe.

Mama Mwalimu: Naunga mkono, mwanangu. Neno geni mtalitafuta wenyewe. Yanayowaponyoka wasomaji ni yale wanayodhani wanayajua. Katika Mwanzo 1:29 mimea imetolewa iwe "meat", na msomaji wa leo hushangaa mimea kuitwa nyama, lakini zamani neno hilo lilikuwa chakula chochote. "Let" katika 2 Wathesalonike 2:7 ni kisa cha namna nyingine: yalikuwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale, moja kuzuia na jingine kuruhusu, yakaja kufanana kimatamshi, na lile la kuzuia likafifia. Limesalia katika tenisi, mpira wa kuanzisha unapogusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, na katika pasipoti za Uingereza.

Mwanafunzi wa Neno: Nashukuru sana, Mama. Basi tukikuta mgongano mwingine tuanzie wapi?

Mama Mwalimu: Anzeni kwa kulichunguza neno la Kiingereza lilivyotumika karne ya 17, kabla ya kumtuhumu mfasiri wa Kiswahili.