MJADALA: Je, makanisa ya Nairobi yaache kugawa vikapu vya Krismasi mbele ya waumini?

Mwanzisha mada, South B

Ndugu na dada, naleta hoja moja tu. Nasema kwamba makanisa ya Nairobi, yawe ya Kikatoliki, ya Kianglikana, ya Kipresbiteri au ya kiroho, yaache desturi ya kuwaita wahitaji mbele ya waumini katika majuma ya Desemba ili wakabidhiwe vikapu vya chakula huku wakipigwa picha. Sisemi makanisa yaache kutoa. Nasema hesabu ya kilichotolewa isomwe ibadani kwa sauti, shilingi kwa shilingi, lakini jina la aliyepokea lisisomwe, na la aliyetoa lisisomwe pia.

Wengi wetu tunaijua shughuli yenyewe. Matangazo yanapokaribia kwisha, mwenyekiti wa idara ya huruma anashika maikrofoni na kuyasoma majina kutoka karatasini. Bibi mmoja anainuka kutoka viti vya nyuma, anapita katikati ya kanisa zima, na kufika mbele anapewa mfuko wenye pakiti mbili za unga, mafuta ya kupikia, sukari, mchele kidogo na mche wa sabuni. Akitaka kurudi kitini anazuiwa kwa upole: "Subiri kidogo, Shosho, mpiga picha hajamaliza." Mfuko unageuzwa ili jina la biashara ya mfadhili lielekee kamera, kisha bibi anaulizwa kama ana neno la kuwaambia waumini. Atasema nini isipokuwa kushukuru? Huo mfuko ameushika, na mwenye kumpa bado hajauachia.

Watetezi wa desturi hii hupenda kutukumbusha mamajusi wa Mashariki, kwamba zawadi za Krismasi zina asili yake katika Injili. Ni kweli, lakini tuisome habari hiyo mpaka mwisho. Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani, wakamwona mtoto pamoja na Mariamu mamaye, ndipo wakafungua hazina zao na kutoa dhahabu, uvumba na manemane. Zawadi ilipelekwa nyumbani kwa mwenye kupewa. Hakuna aliyemwita Mariamu aje uwanjani kuipokea. Zaidi ya hayo, Herode alikuwa amewaagiza wakimpata mtoto wampelekee habari, nao, baada ya kuonywa katika ndoto, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Yaani watoaji wa kwanza wa Krismasi walikataa kumwambia mtawala walimtolea nani na anakaa wapi. Sijasikia mahubiri mengi juu ya kifungu hicho, labda kwa sababu Desemba ndio mwezi ambao wageni waheshimiwa huwa wengi katika viti vya mbele.

Na hilo la wageni waheshimiwa halitengani na hoja yangu. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, zikiwemo shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya paroko. Wengi tulimpongeza, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini kama tunakubali kwamba mchango mkubwa unaotolewa mbele ya kamera unaweza kuigeuza madhabahu kuwa jukwaa la mtoaji, kwa nini mfuko wa unga ulioandikwa jina la duka usiwe na hatari ile ile? Tofauti ninayoiona ni ya kiasi tu.

Karibuni tujadiliane.

Mzee wa kanisa, Buruburu

Bwana Yesu asifiwe. Ndugu yangu, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kupewa funguo za stoo ya kanisa. Mimi nimehudumu katika kamati ambayo iligawa misaada kimya kimya, kwa heshima zote hizo unazozisema, na nilichokiona ni kwamba mchele ulipungua kabla ya kumfikia mjane hata mmoja. Binamu wa huyu alipata, jirani wa yule alipata, na waliokosa hawakuwa na pa kulalamika kwa sababu hakuna aliyejua orodha ilikuwa na nani. Tulipoanza kugawa mbele ya watu, maneno yalipungua.

Wewe umetaja Mathayo sura ya 2. Nami nakurejesha kwenye hotuba ya mlimani, sura ya 5, aya ya 16: nuru yenu na iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema. Na katika Matendo sura ya 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakulimaliza jambo lile chumbani; waliita jumla ya wanafunzi na wakachaguliwa watu saba walioshuhudiwa kuwa wema. Kanisa la kwanza liliponya upendeleo kwa uwazi. Wema unaofichwa sana nao hujificha ndani yake wezi.

Wakili, Kilimani

Naongeza la kisheria kwa ufupi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha ya mtu anayetambulika, ikiambatana na jina lake na habari kwamba ni mhitaji, ni data yake binafsi, na ridhaa inayotajwa katika sheria hiyo ni ridhaa iliyotolewa kwa hiari. Mtu aliyesimamishwa mbele ya mamia ya watu huku chakula cha watoto wake kikiwa mkononi mwa anayemwomba ruhusa hayuko katika hali ya kukataa. Kwa watoto jambo ni zito zaidi, kwa kuwa inatakiwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Nimeona kurasa za makanisa zikiwa zimejaa nyuso za watoto wa mitaa ya mabanda zikisindikizwa na maneno ya baraka, na sidhani kama kuna karatasi yoyote iliyotiwa sahihi.

Msomaji, Kangemi

Mnajisumbua bure. Tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Ushahidi wa zamani zaidi wa sikukuu hiyo kuadhimishwa tarehe hiyo ni wa Roma, mwaka 336. Acheni Krismasi yenyewe, mtoe mwaka mzima, na ugomvi huu utakuwa umekwisha.

Mwanajumuiya, Mukuru kwa Njenga

Tumsifu Yesu Kristo. Nimewasoma wote kwa subira, na kwa kuwa mimi ndiye mnayenizungumzia, naomba mnipe nafasi ndefu kidogo.

Vikapu hivyo nimevipokea. Nimesimama mbele, nimepigwa picha, nimeshukuru. Ndugu wa South B anadhani kilichoniumiza ni kuonekana. Hapana. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, watu tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila wiki, kila mmoja anajua nani hajapika jana. Hao hawaniaibishi wakijua. Wao ndio hunikopesha unga bila kuuliza nitarudisha lini. Kinachoumiza ni kuonekana na mtu asiyenijua, ambaye ataondoka na picha yangu na kuitumia kwa shughuli zake. Picha ya mwisho niliyopigwa ilizunguka katika simu za watu mpaka ikamfikia mwenye nyumba ninayopanga, naye akaja mlangoni akiniambia kwamba, kwa kuwa kanisa letu lina pesa, na linilipie kodi. Kikapu chenyewe hakikuwa na thamani ya hata nusu ya kodi hiyo.

Na mkizungumza juu ya kikapu, zungumzeni pia juu ya kilichomo. Mwaka mmoja tulipewa mahindi makavu na maharagwe. Anayepanga kikapu cha namna hiyo anapikia gesi, au pengine hapiki kabisa. Kuchemsha githeri kwa jiko la makaa ni kazi ya saa kadhaa, na makaa ya saa hizo yanaweza kugharimu sawa na maharagwe yenyewe. Tuliuza baadhi ili tununue makaa ya kupikia yaliyobaki. Kama mngetutumia pesa hizo hizo kwa simu, kila mmoja angejua pengo lake liko wapi: huyu ni kodi, huyu ni dawa ya shinikizo, huyu ni sare za Januari.

Lakini wapo pia wanaotaka sadaka yote ya Desemba iwekwe kwa ajili ya karo, kwa madai kwamba chakula cha siku moja ni upotevu. Nawaomba wasitufanyie hivyo. Watoto wangu wanataka chapati na nyama siku ya Krismasi kama watoto wenu. Na jambo lingine mnalisahau ninyi mnaopanga haya: ifikapo tarehe 25, wengi wenu mmeshasafiri kwenda mashambani. Nauli za matatu zimepanda, na sisi tusioweza kuzilipa ndio tunaobaki na kujaza viti. Kanisa la Nairobi siku ya Krismasi ni sisi. Mnapangia misa yetu, kisha mnatuita wageni wa huruma katika misa hiyo.

Mwanzisha mada, South B

Mama, asante. Hilo la kanisa la tarehe 25 limenipa njia ya kuiweka hoja yangu kwa ukali zaidi. Ikiwa waliobaki ndio kusanyiko lenyewe, basi kuwatenga wachache kati yao na kuwasimamisha mbele ni kuligawa kusanyiko katika siku ile ile ambayo tunahubiri kwamba Mungu alizaliwa miongoni mwa maskini. Luka 2:24 inatuonyesha kwamba Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, ambayo kwa mujibu wa Walawi sura ya 12 ni sadaka ya asiyeweza kumnunua mwana-kondoo. Aliyewaona alijua hali yao, lakini walifika pale wakiwa watoaji, na hakuna aliyewaomba ushuhuda.

Mzee wangu wa Buruburu, nakuheshimu, ila picha haizuii wizi. Picha inaonyesha mifuko iliyotolewa. Haionyeshi mifuko iliyonunuliwa. Kamati iliyonunua mifuko 40 inaweza kugawa 10 mbele ya kamera, na waumini wakapiga makofi na kwenda zao. Kinachozuia wizi ni karatasi ubaoni yenye jumla ya sadaka, risiti za manunuzi na idadi ya nyumba zilizofikiwa, pamoja na mkaguzi asiye ndugu wa mweka hazina. Hao watu saba wa Matendo ya Mitume ulionitajia walichaguliwa mbele ya wote, ndiyo, lakini hatusomi popote kwamba wajane nao walipangwa mstari. Na kama mama alivyosema, orodha itengenezwe na jumuiya, ambako hali ya mtu inajulikana tayari. Kuhusu sura ya 5, ukiendelea kusoma utafika sura ya 6, ambako yule yule aliyesema nuru iangaze anasema utoapo sadaka usipige panda mbele yako. Nadhani tofauti ni ya nani anatukuzwa: katika sura ya 5 ni Baba aliye mbinguni, katika sura ya 6 ni mpiga panda.

Msomaji wa Kangemi, ukitoa mwaka mzima nitafurahi sana. Tarehe ya sikukuu ni mjadala mwingine.

Mzee wa kanisa, Buruburu

Ubaoni nakubali, na mkaguzi nakubali. Lakini jumuiya nazo zina wapendwa wao. Mpangaji mpya aliyehamia mtaani mwezi wa Novemba, asiyejulikana na mtu, ataingia vipi katika orodha yako? Kwetu, tangazo la wazi madhabahuni ndilo lililomfanya mtu kama huyo ajitokeze.

Mwanzisha mada, South B

Litangazwe kwamba msaada upo na ofisi iko wazi siku fulani. Tangazo la msaada na kumtangaza mhitaji ni mambo mawili.

Mweka hazina, Donholm

Mnajadili upande wa mpokeaji tu, kwa hiyo niwaletee wa mtoaji. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima, nami naliamini neno hilo. Hata hivyo, katika vitabu ninavyovitunza, sehemu kubwa ya chakula cha Desemba hutoka kwa wafanyabiashara wachache, na mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba jina lake lisiposomwa, mchele wake atauhamishia kanisa la jirani. Washirika wa kawaida hutuma kidogo kidogo kwa simu, na kufikia katikati ya mwezi wanaanza kuweka akiba ya nauli. Nikikataa masharti ya mfanyabiashara huyu, nawaambia nini watu waliokwisha kuandikishwa?

Mwanzisha mada, South B

Auhamishe. Tukipokea kwa sharti hilo, huo mchele si sadaka tena, ni malipo ya tangazo, na bei yake ni nafuu mno kwake.

Mweka hazina, Donholm

Hilo ni jibu jepesi kwa mtu ambaye hatasimama mlangoni tarehe 23 kuwaambia watu kwamba mwaka huu hakuna kitu. Kama mnataka kanisa lijitegemee katika hili, basi sadaka ya kila Jumapili kuanzia Machi itengwe sehemu yake, na hilo likipitishwa nitakuwa wa kwanza kumrudishia mfanyabiashara magunia yake. Kabla ya hapo, nitalisoma jina.

Mwanajumuiya, Mukuru kwa Njenga

Mweka hazina, mimi sina neno na jina lake. Lisome hata mara tatu akipenda, kwa kuwa yeye amechagua lisomwe, na watoto wangu wataula mchele huo bila shida. Ndugu wa South B ameyafunga majina yote mawili kwa kamba moja, na hapo ndipo tunapoachana. La kwangu sikulitoa lisomwe na mtu. Na ule mfuko wenye maandishi ya duka leteni tu, nitaubebea makaa.