Mpwa wangu shuleni anatumia jina langu, na baba yake mzazi ni marehemu. Mkopo wa chuo tunaombaje?

FundiMahuta (mleta mada)

Wakuu salaam. Niko Mahuta, Tandahimba, fundi pikipiki. Mpwa wangu, hapa tumwite Somoe, kamaliza kidato cha sita mwezi wa tano, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), tunasubiri matokeo. Anataka ualimu wa sayansi. Kwa mfuko wangu chuo hakiendi bila mkopo. Dirisha la Bodi ya Mikopo limeshafunguliwa, nimeanza kukusanya karatasi, ndipo nimegundua kuna kitu nilikiharibu mwenyewe miaka kumi na tatu iliyopita.

Iko hivi. Anaanza la kwanza, baba yake alikuwa kavuka Ruvuma kutafuta maisha Msumbiji, hatujui yu hai au la. Nikampeleka shule mimi. Mwalimu kauliza jina la baba, nikataja langu. Huku kwetu mjomba ndiye mtu, wala sikuona tatizo. Basi vyeti vyote vya shule vimetoka Somoe Hamisi (Hamisi ndo mimi, majina nimebadilisha kidogo). Cheti cha kuzaliwa kinasema Somoe Mohamedi. Mohamedi alirudi baadaye akiwa mgonjwa, akafia hapa hapa kijijini, tukazika. Cheti cha kifo hatukukata, nani alikuwa anawaza hayo?

Mama yake, dada yangu, yupo lakini hana kazi. Mtoto kakulia kwa bibi, na bibi yumo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Jamaa mmoja wa steshenari kaniambia nisihangaike: anakata cheti kipya cha kuzaliwa, baba nakuwa mimi, majina yanafanana kila mahali, siku tatu kimetoka, elfu themanini. Roho inasita. Mnashaurije?

Mnyonge_Halisi

Usipoteze hela yako mkuu. Ile mikopo ina wenyewe. Mtoto wa fundi pikipiki wa Mahuta nani anamjua kule Dar?

SalfaNaMvua

Mnyonge, mimi baba yangu ana mikorosho arobaini na kitu Kitangali, hajawahi kumjua mtu hata wa wilayani, na nimesoma miaka mitatu kwa mkopo. Mwaka wa kwanza nilikosa awamu ya kwanza na ya pili, nikakata rufaa na karatasi iliyokuwa imepungua, nikapata. Tusiwakatishe watu tamaa.

Mleta mada, elfu themanini hiyo kanunulie spea.

DadaNachi

Kaka Fundi, shikamoo ya mbali. Mimi mwenyewe nina steshenari Nachingwea, msimu wa maombi nashinda kwenye fomu hizi mpaka macho yanauma, kwa hiyo nakwambia kama mtu wa kazi hiyo hiyo: huyo jamaa anakutafutia kesi, tena anamnyang'anya mtoto haki yake.

Bodi haimwoni Somoe. Haijui kwamba analala kwa bibi wala kwamba baba kazikwa. Inaona kilichoandikwa na kilichoambatishwa, basi. Ukijifanya baba, fomu itauliza baba yu hai? Yu hai. Anafanya kazi gani? Ana karakana. Hapo umemtoa kwenye kundi la waliofiwa na mzazi ukamweka kwenye kundi la mtoto mwenye baba mjasiriamali. Halafu cheti lazima kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kabla hakijakubalika kwenye maombi, na kule kuna kumbukumbu ya cheti cha kwanza. Vyeti viwili vya mtu mmoja, baba wawili. Utajibu nini?

Njia ya haki ni ndefu kidogo lakini inapitika. Vyeti vya Baraza la Mitihani vikishatoka ndo vimetoka, huwezi kuwaambia wabadilishe jina. Kwa hiyo kinachosogea ni upande wa kuzaliwa. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, ile watu wanaita dipoli, kwamba Somoe Mohamedi ndiye Somoe Hamisi. Isajiliwe kwa Msajili wa Hati, usiishie kwenye karatasi ya wakili yenye muhuri mwekundu. Kisha uende nayo ofisi ya RITA wilayani, pale kwa Mkuu wa Wilaya, wakuelekeze kuhusu cheti. Jina la mtoto linakaa sawa na shule, jina la baba kwenye cheti linabaki Mohamedi, kama Mungu alivyopanga.

Cheti cha kifo nacho kakate. Umechelewa, ndiyo, lakini kifo kilichochelewa kinasajiliwa. Anza kwa mtendaji wa kijiji, aandike barua kwamba anamfahamu marehemu na amezikwa hapo, na uwe na ndugu walioshuhudia. Kikitoka, nacho kinahakikiwa RITA kama kile cha kuzaliwa. Bila hicho cheti, uyatima wake ni hadithi tu.

Alisoma shule gani O-level, ya serikali au ya kulipia?

FundiMahuta

Marahaba dada yangu, Mungu akubariki. O-level alisoma kwa masista, shule ya bweni. Alifaulu vizuri la saba, wakamchukua kwa ufadhili, sisi tulikuwa tunatoa sabuni na nauli tu. Hilo nalo ni tatizo?

DadaNachi

Nilijua kuna kitu! Ni tatizo kubwa kuliko la jina, na watu wengi wa kusini linawaangusha bila wao kujua. Namba ya mtihani ya kidato cha nne inaonyesha shule. Mfumo ukiona shule ya kulipia, unasoma kwamba nyumbani kuna mtu aliyekuwa analipa ada miaka minne. Sasa leo mnaombaje mkopo?

Rudi kwa masista wakupe barua ya kuthibitisha kwamba walimsomesha wao, yenye muhuri na saini, na sehemu ya ufadhili kwenye fomu mjaze. Msiiruke. Mwaka juzi nilimjazia kijana wa Liwale, nikamuuliza ulifadhiliwa? Akasema hapana, kisa aliona aibu. Akapewa asilimia kidogo ya ada na bumu (hela ya kujikimu) pungufu. Tulipokuja kuhangaika kwenye rufaa, ndo ananiambia kulikuwa na padri.

Na TASAF: namba ya kaya ya bibi iandikwe, lakini kwanza hakikisha Somoe yumo kwenye orodha ya wanakaya. Bibi kuwemo peke yake hakumsaidii mjukuu.

Mjukuu_wa_Likonde

Dada umemaliza. Niongeze la mtandaoni kwa kuwa nimeumia nalo. Akaunti ya maombi inafunguliwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, hivyo hamna haja ya kusubiri matokeo ya sita wala jina la chuo. Kama alirudia mtihani wowote, aandike namba zote. Ada ya maombi ni 30,000, inalipwa kwa kontroo namba, hairudi.

Sasa sikiliza vizuri. Wengi wa steshenari (samahani dada, si wewe) wanaweka namba zao za simu na barua pepe zao ili kazi iende haraka. Mimi nilijaziwa hivyo Masasi mjini. Mwezi wa kumi nataka kuingia kwenye akaunti yangu kuona nimepangiwa ngapi, nywila sina, ujumbe wa kuibadilisha unaenda kwenye simu ya jamaa, na jamaa kafunga kibanda kaenda Liwale kununua ufuta. Wiki mbili nzima nampigia hapatikani! Mnunulieni mtoto laini yake, isajiliwe kwa jina lake, atunze na nywila mwenyewe.

Baada ya kujaza mnachapa fomu. Kuna kurasa za saini: yeye mwenyewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Zinasainiwa, zinapigwa picha vizuri, zinapandishwa kwenye mfumo. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole si nyaraka.

DadaNachi

@Mjukuu_wa_Likonde haya bwana, nimekusamehe. Ila ni kweli wapo.

Mwl_Ruangwa

Naona wote mnaongelea kupata, hakuna anayemwambia mjomba kwamba huu ni mkopo. Mimi nalipa mpaka leo. Kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla sijaiona. Zamani ilikuwa asilimia 8, ikapandishwa na mabadiliko ya sheria ya 2016. Afadhali 2021 walifuta ile asilimia 6 ya kulinda thamani, deni langu lilikuwa kila mwaka linanenepa kama paka wa sokoni. Sasa kuna asilimia 1 ya uendeshaji, inatozwa mara moja. Akihitimu ana miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kulipa, awe kaajiriwa au kajiajiri.

Simtishi. Bila mkopo ningekuwa nabangua korosho. Ila ajue, na aweke kila karatasi ya malipo.

Mnyonge_Halisi

Si ndo nilichosema. Mnamtwisha mtoto deni.

SalfaNaMvua

Hukusema hivyo. Soma ulichoandika juu.

Mzee_wa_Mnazi

Mwanangu Fundi, mimi nimesomesha watatu, nikupe la mfukoni. Tatizo letu sisi ni kalenda. Maombi ni Juni mpaka Agosti, wakati huo hela yote tumeiweka kwenye salfa ya mikorosho na palizi. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba, na mnada wa korosho ndo unaanza Oktoba. Umepeleka ghalani, mzigo umeuzwa, bado unasubiri hela iingie benki. Mtoto yeye keshatakiwa aripoti.

Na mkopo hata ukipata haumsubiri getini. Kwanza ajisajili chuoni, chuo kimthibitishe, asaini kwenye mfumo, ndipo bumu liingie akaunti yake ya benki. Bumu hesabu yake ni 10,000 kwa siku kwa aliyepewa yote, chakula na malazi humo humo, linakuja kwa mkupuo wa miezi takribani miwili. Lakini la kwanza huwa linachelewa. Binti yangu mkubwa alikaa Dodoma wiki tano bila bumu, anakula kwa wenzake. Yule wa mwisho nikamwekea gunia la ufuta kando kuanzia mwezi wa saba, halikuguswa hata nilipoumwa. Fanya hivyo. Nauli, godoro, na chakula cha miezi miwili usikitegemee kutoka Bodi.

Ada nayo mara nyingi hawatoi yote. Asilimia iliyobaki ni yenu. Kaeni kikao cha ukoo mapema, usisubiri awe amesimamishwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.

CheupeWaMsijute

Na huo ufadhili wa Samia tunaousikia redioni vipi? Haulipwi, sivyo?

Mwl_Ruangwa

Haulipwi, ni kweli, ulianza 2022. Ila ule ni wa waliopasua sayansi kidato cha sita kwa ufaulu wa juu kabisa. Akiwa mmoja wao atajijua mwenyewe matokeo yakitoka. Aombe mkopo kwanza.

FundiMahuta (siku kumi na mbili baadaye)

Wakuu, narudi na mrejesho.

Masista wametoa barua siku hiyo hiyo, hata soda nikanywa. Wakili Mtwara mjini kaandaa hati ya jina, ipo kwenye usajili. TASAF tumeangalia, Somoe yumo kwenye kaya, wa tatu kwenye orodha.

Kazi ilikuwa cheti cha kifo. Mtendaji anataka tarehe. Mwaka tu hatukubaliani: mimi nasema 2017, dada yangu anasema 2019. Wazee wawili walioosha maiti nao kila mtu na lake. Tumekaa pale ofisini, mtendaji kashika kalamu, ndipo bibi akasema, "Mohamedi kafa ule mwaka wanajeshi wamekuja kuchukua korosho." Wote tukanyamaza. Kweli, magari ya jeshi yalikuwa ghalani, ule msimu serikali ilinunua korosho kwa 3,300 kwa kilo. Ni Novemba 2018. Bibi akaongeza kwamba tulizika siku ya pili baada ya Maulidi, kwa sababu ubani wa msibani ulikuwa ule uliobaki. Mtendaji katafuta Maulidi ya 2018 kwenye simu yake, kahesabu kwa vidole, kaandika tarehe. Wazee wakasaini, bibi akaweka dole gumba.

Cheti kimetoka wilayani juzi, sasa kinahakikiwa pamoja na kile cha kuzaliwa.

Jamaa wa steshenari kaniona sokoni, ananiuliza nimefikia wapi. Nimemwambia fomu tunajaza wenyewe. Laini ya Somoe nimeshanunua, na jana usiku kaanza kujaza kwenye simu yangu maana skrini yake imepasuka. Alipofika kwenye jina la baba alinitazama. Nikamwambia andika Mohamedi.

Mzee wa Mnazi, gunia nimeweka. Dogo, la debe nne tu, lakini lipo uvunguni.

Swali moja: mdhamini naweza kuwa mimi, au awe mama yake?

DadaNachi

Yeyote kati yenu mwenye kitambulisho cha NIDA. Jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Mama yake kadi anayo?

FundiMahuta

Ana namba tu, kadi bado haijatoka. Nasaini mimi.