Mjadala: Robert wa Flanders alipora kiti cha mtoto wa kaka yake, au alikuwa na haki?

Mzizi: Wakuu, naanza. Tarehe 17 Julai 1070 alifariki Baldwin VI, konti wa Flanders, nchi iliyo leo sehemu ya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa (konti ni kabaila anayeshika jimbo zima chini ya mfalme). Aliacha mjane, Richilde wa Hainaut, na wana wawili, Arnulf na Baldwin. Arnulf, kijana wa miaka kama 15, akarithi kiti. Februari 1071 baba yake mdogo, Robert, alimshinda vitani Cassel. Arnulf aliuawa, na Robert akatawala hadi alipokufa 1093.

Kwangu huo ni uporaji. Herman wa Tournai, mtawa wa karne ya 12, anaeleza kwamba Robert aliapa pale Oudenaarde, mbele ya baba na kaka yake, juu ya masalia ya watakatifu, kuwa hatawadhuru kaka yake wala warithi wake. Na alipewa fedha nyingi. Tena hakuwa mtu wa kuhangaika: mwaka 1063 alimwoa Gertrude, mjane wa konti wa Holland, akawa mlezi wa mtoto wake wa kambo, Dirk V.

Kalamu Kavu: Mzizi, kiapo sikikatai, ila Herman aliandika miaka sabini baada ya vita. Na unaruka swali lililowagawa watu wakati ule: kijana akirithi, nani amlee? Sheria iliyoandikwa haikuwepo. Kiti kilisimama kwa damu, kukubaliwa na mfalme wa Ufaransa, na kukubaliwa na makabaila na miji. Arnulf alikuwa na mbili za kwanza. Ya tatu ndiyo iliyomkatikia. Ghent, Bruges na Ypres zilimwendea Robert. Nguvu ya Richilde ilikuwa zaidi kusini, kwa wasema Kifaransa.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Hainaut, nchi ya Richilde, ilikuwa chini ya mfalme wa Ujerumani. Kisha akakubali kuolewa na William FitzOsbern, mtu wa karibu kabisa wa mfalme wa Uingereza. Na aliyekuwa mlezi wa Arnulf ndiye angeshika Flanders.

Mzizi: FitzOsbern alikuja na wapiganaji kumi tu, kwa maandishi ya Orderic Vitalis, mtawa aliyeandika historia karne ya 12. Hilo si jeshi la kuteka nchi. Na malkia wa Uingereza, Matilda, alikuwa dada yao Baldwin na Robert, shangazi yake Arnulf. Unawaita wageni watu wa ukoo uleule.

Mwana wa Jiwe: Naomba tuangalie vita yenyewe, maana ndiyo iliyoamua haki. Robert alishika kilima cha Cassel mapema. Mfalme Philip I wa Ufaransa, aliyelelewa na Baldwin V, babu yake Arnulf, alikuja kumsaidia Arnulf kwa haraka, na jeshi lililokusanywa hivyo likapanda dhidi ya mtu aliye juu. FitzOsbern akafa hapo pamoja na Arnulf. Kilichofuata ni cha ajabu: Richilde alitekwa na watu wa Robert, Robert naye akatekwa na Eustace wa Boulogne, konti wa upande wa Arnulf, akapelekwa mji wa Saint-Omer. Wakabadilishana mateka. Yaani mshindi alikuwa kifungoni, na bado alishinda, kwa sababu upande wa pili haukuwa tena na konti wa kumpigania isipokuwa Baldwin, mdogo wa Arnulf.

Richilde hakukata tamaa. Mwaka huohuo aliiweka Hainaut chini ya askofu wa Liège ili apate fedha za kulipa askari. Fedha ziliisha, Flanders haikurudi, na mwanawe Baldwin akabaki na Hainaut yenye bwana mpya juu yake. Philip alimtambua Robert, na mwaka 1072 akamwoa Bertha, binti wa kambo wa Robert.

Kalamu Kavu: Basi mfalme mwenyewe aliridhia.

Mzizi: Aliridhia aliyeshindwa kumwondoa. Robert mwenyewe alijua kiti kilivyo. Kabla ya kwenda Yerusalemu alikwisha kumshirikisha mwanawe, Robert II, katika utawala, akiwa mtu mzima na akitambuliwa na makabaila. Hakutaka mjukuu wake yeyote aachwe kama alivyoachwa Arnulf, na mama, bila baba, huku baba mdogo yuko mpakani na jeshi.