Mtoto ana reflaksi ya figo: tumpasue au tuendelee na dawa? Nipo Mtwara

Pwani Kusini (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Tangu mwaka jana homa haziishi. Tukipima malaria hakuna, tukipima mkojo ni UTI. Ya tatu ndipo tukapelekwa kwenye kile kipimo cha kuwekewa mpira wa mkojo, wanajaza dawa kwenye kibofu halafu wanapiga eksirei mtoto akiwa anakojoa. Tukaambiwa mkojo haushuki wote, mwingine unarudi juu kwenye figo. Hiyo ndiyo wanaiita reflaksi. Njia ni mbili: dawa ya kila usiku ya kuzuia UTI huku tukisubiri akue, au upasuaji Dar. Mimi naona apasuliwe yaishe. Nina kashamba Nanyamba, mikorosho inazaa, na mteja yupo tayari. Aliyepitia upasuaji huu anieleze ukoje.

Korosho Ghafi:
Pole sana mkuu. Ila shamba usiuze kabla ya mnada, utapigwa bei ya kutupa. Baba yangu aliuza la Tandahimba ili mjomba atibiwe. Leo nikipita pale nauziwa korosho za miti niliyoipanda kwa mikono yangu nikiwa darasa la tatu. Huwa nanunua kimya kimya naondoka.

Mama Wawili wa Lindi:
Pole baba. Wangu wa kwanza alikuwa nayo, daraja la pili (madaraja ni matano, la tano ndilo kali zaidi). Tulimpa dawa, tukapigana na kufunga choo (choo kikikaa kinakibana kibofu, mkojo hautoki wote), tukamfundisha kukojoa kabla haja haijambana. Alipofika miaka mitano walipima tena, haipo. Sasa yuko darasa la nne, ananishinda mbio. Wako ni daraja la ngapi?

Mzee wa Shangani:
Wazazi wa leo mnamvalisha mtoto pampasi kutwa nzima kisha mnashangaa magonjwa. Sisi tulilelewa kwa nepi za kanga, nani alisikia reflaksi?

Nesi Mstaafu:
Mzee wangu, shikamoo, lakini pampasi haileti reflaksi. Mrija wa mkojo unatakiwa kuingia kwenye kibofu kwa mshazari, ili kibofu kikijaa kiubane mlango wake. Wengine wanazaliwa kipande hicho kikiwa kifupi, basi mlango haufungi. Enzi zetu watoto hawa walikuwepo, tulisema tu "ana homa za mara kwa mara".
Mleta uzi, hujajibu. Daraja la ngapi? Na dawa ya usiku ni ipi?

Pwani Kusini:
Kulia daraja la nne, kushoto la pili. Dawa alikuwa anatumia vizuri tu. Tumempumzisha kidogo.

Nesi Mstaafu:
Kidogo ndiyo siku ngapi?

Pwani Kusini:
Wiki saba. Ni Septrin ya maji. Alikuwa hataki kula, halafu dawa kila siku mwaka mzima, hiyo si inachosha figo zenyewe? Ndiyo maana nasema upasuaji. Msinihukumu, nimeuliza kuhusu upasuaji.

Jicho Kali:
Hii ni chai. Septrin ya kila siku tunajua wanatumia akina nani. Mwanzo ulisema mko njia panda, kumbe dawa mmeacha. Ama hadithi umeitunga, ama mtoto ana ugonjwa mwingine unaouficha.

Bahari Hindi:
Natia nanga hapa.

Pwani Kusini:
Jicho Kali, umesema neno lile lile lililotufikisha hapa. Mwanangu alipimwa VVU mara mbili, hana, na sisi wazazi hatuna. Dada yangu alikuja kulala kwetu akaiona chupa dirishani. Wiki haijaisha, jirani akamnyang'anya mwanawe kikombe kwa sababu binti yangu alikuwa amekinywea. Mke wangu alilia siku nzima. Mimi ndiye niliyesema tuiache, mke wangu hakutaka. Nikajiambia akipasuliwa, ile chupa itatoka nyumbani kwangu.
Na jana usiku homa imerudi. Tumempa panado ikashuka, jioni hii imepanda tena.

Nesi Mstaafu:
Baba, shamba na upasuaji weka kando. Mpelekeni usiku huu huu, hospitali ya Ligula au Mitengo, palipo karibu. Panado inashusha joto tu, wadudu wanabaki kwenye figo, na kuchelewa kuanza tiba ndiko kunakoongeza hatari ya kovu. Kovu halifutiki. Mwambieni daktari mambo mawili bila kuficha: ana reflaksi daraja la nne, na amekaa wiki saba bila dawa. Ombeni mkojo uchukuliwe kabla hajaanza antibiotiki.
Kuhusu Septrin: kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2014, watoto 607 wenye reflaksi. Nusu walipewa dawa hiyo hiyo, nusu dawa isiyo na kitu. UTI za kurudia zilipungua karibu nusu kwa waliopewa. Makovu hayakutofautiana, hilo nalo nalisema, kwa hiyo kwa daraja la nne kuzungumzia upasuaji si kosa. Lakini hilo mzungumze na daktari baadaye, mtoto akiwa mzima. Chupa msiifanye sababu.

Mzee wa Shangani:
Marahaba binti. Baba, mtoto wa chini ya miaka mitano hospitali ya serikali ni bure. Wakikuzungusha, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii.

Jicho Kali:
Ungeyasema haya mwanzo nisingekushuku. Nenda.

Korosho Ghafi:
Mkuu nipo Chikongola, nina bajaji. Nitumie ujumbe uko wapi, nakuja sasa hivi.

Mama Wawili wa Lindi:
Chukueni na cheti cha kile kipimo. Na huyo jirani mwacheni kwanza.

Pwani Kusini:
Wakuu, saa saba usiku. Tupo wodini, mkojo umechukuliwa na ameanza sindano. Korosho Ghafi amekataa nauli. Daktari aliuliza mtoto alikuwa anatumia dawa gani. Mke wangu alitoa chupa kwenye mkoba, kumbe hakuwahi kuitupa.