Naomba ushauri: kuidhinisha wauzaji na matangazo kwenye soko la mtandaoni

Habari zenu wakuu. Nasimamia soko la mtandaoni ambako kila muuzaji mpya na kila tangazo lazima vipitie kwangu kabla ya kuonekana. Wauzaji wakweli wanalalamika kusubirishwa, na nawaelewa: tangazo la simu iliyotumika likichelewa, mteja keshanunua kwingine. Lakini nikilegeza tu, matapeli hao. Mtindo wao unaniumiza kichwa: anaweka vitu vidogo halali, tangazo likishapita anarudi kulihariri, anabadilisha picha, bei na namba ya simu, na mfumo hauniulizi tena.

Nafikiria mwenye historia safi matangazo yake yapande moja kwa moja, ila akigusa picha, bei au mawasiliano, tangazo lirudi kwenye foleni. Kitambulisho nidai kwa vitu vya thamani kubwa tu, maana kutunza vitambulisho vya watu ni dhamana nzito.

Mliowahi kusimamia kitu kama hiki, muuzaji mnamwamini kwa kigezo gani, mauzo aliyokamilisha au muda aliokaa? Na mkikataa tangazo, mnaeleza sababu yote, hata kama tapeli atajifunza kukwepa? Natanguliza shukrani.